Bia Nyepesi ya Lita Nne Katika Joto la Malindi

Kila mwezi hakosi mtu wa kuniuliza maswali haya matatu kuhusu kupika bia nyumbani: nianzie wapi, hamira ya mkate inafaa, na kwa joto hili letu bia haitaharibika? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, tena nusu ya jibu naisahau. Haya, yote nayaweka hapa.

Swali la joto ndilo lenye uzito, kwa hivyo nalianza. Bia yangu ya kwanza niliipika Februari, kaskazi imekaza, nikiwa na pakiti ya hamira ya Kiingereza na maelekezo ya mtu wa nchi ya baridi. Yalisema ndoo iwekwe mahali penye nyuzi 18 hadi 20. Mimi nakaa Maweni, hapa Malindi, chini ya mabati. Nilizitafuta hizo nyuzi 18 chumba kwa chumba nisizione. Usiku wa manane kipimajoto kilisoma 31. Bia ilichachuka siku mbili kwa fujo, ikanyamaza, na nilipoionja ilinuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Glasi moja ilinipa maumivu ya kichwa hadi adhuhuri ya kesho yake.

Nikanunua barafu. Nikavisha ndoo fulana iliyolowa na kuiwashia feni. Maji hayakauki upesi kwenye hewa nzito ya pwani, kwa hivyo fulana ile ilipunguza nyuzi mbili tu, na stima ilipopotea hata hizo mbili zikarudi. Mwisho nikaacha kupigana na joto, nikatafuta hamira inayolipenda. Ipo. Inaitwa kveik, hamira ya wakulima wa Norwei, ambayo kwao hutiwa kwenye maji ya kimea yangali na joto la nyuzi 35 na zaidi. Aina ya Voss hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40, na huacha harufu ya mbali ya chungwa. Chumba kinachoua hamira ya Kiingereza ndicho kinachoifurahisha hii. Mwongozo wote uliobaki umejengwa juu ya hilo.

Kabla hujawasha jiko

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa mtengenezaji na kwa muuzaji. Pita ofisi ya leseni ya kaunti uulize hali yako ikoje kabla hujanunua hata ndoo. Mimi si wakili. Kuuza usithubutu. Aliye chini ya miaka 18 asionjeshwe.

Usiigeuze bia hii kuwa kitu kingine kwa kuikusanya mvuke. Chang'aa imepofua watu na kuua watu, na haimo katika mwongozo huu.

Na majirani. Wengi wetu tumezungukwa na nyumba ambazo kileo hakiingii. Usipike Ramadhani huku harufu ikiwaingilia watu madirishani, na mgeni akikaribishwa glasi mwambie wazi kilichomo. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alisimama ukumbini akanusa, akauliza, "Mwanangu, nani mgonjwa? Wachemsha mwarobaini?" Nikamwambia ukweli. Hakupenda, ila alipenda kuambiwa, na tangu hapo tuna mapatano: napika saa za asubuhi, mlango wa nyuma wazi, na machicha yanakwenda kwa kuku wake.

Vifaa

Kwa nini lita nne? Kwa sababu zinaingia kwenye sufuria uliyonayo, zinapoa upesi, na zikiharibika umemwaga chupa nane, si pipa zima. Ukiwa unajaribujaribu, udogo ni faida.

- Sufuria ya lita 10. Ya lita 7 itakufurikia, na kuikwangua gesi utaona uchungu wake.
- Mfuko wa neti ya pazia, mpana kuliko mdomo wa sufuria. Fundi cherehani anakushonea kwa dakika tano.
- Ndoo mbili za lita 10 zenye vifuniko, zilizokuwa za mafuta ya kupikia au asali. Za rangi hapana, hata ziwe zimeoshwa namna gani.
- Kipimajoto cha jikoni, na mizani inayosoma gramu moja moja.
- Mpira laini wa mita moja na nusu, ule mwangavu unaouzwa madukani mwa vifaa vya mabomba.
- Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo. Unaweza kuanza bila hicho, lakini utakuwa unakisia.
- Chupa nane za nusu lita. Kwa mara ya kwanza chukua za plastiki za soda, zenye vifuniko vyake. Sababu nitaitaja.
- Jiki isiyo na manukato, kwa kuua vijidudu.

Viambato

- Kimea cha shayiri cheupe, gramu 750. Shayiri yetu hulimwa bara, Narok na Timau, lakini kimea cha kupikia nyumbani huagizwa Nairobi na kufika kwa basi kama parseli. Omba kisagwe chenga kabisa.
- Hopsi za vidonge (maua ya kutia bia uchungu na harufu), gramu 11, zenye uchungu wa asilimia 5 hivi. Imeandikwa kwenye pakiti. Zikifika zitie kwenye friza mara moja. Kabati la Malindi huzifanya zinuke jibini kwa wiki chache.
- Hamira ya kveik kavu, gramu 3. Pakiti kwa kawaida ina gramu 11, kwa hivyo moja ni bia tatu.
- Hamira ya mkate, nusu kijiko cha chai. Subiri, nitaeleza.
- Sukari nyeupe, gramu 24, ya siku ya kutia chupani.
- Maji lita 6.5. Ya kisima hapa mjini mengi yana chumvi na bia itaisema. Tumia ya mfereji yaliyolala wazi usiku kucha ili dawa itoke, au ya kununua.

Hatua

1. Osha kila kitu kwa sabuni na suuza vizuri. Usafi wa kuua vijidudu unahusu tu vitu vitakavyogusa bia baada ya kuchemka: ndoo, kifuniko, mpira, chupa. Sufuria na mfuko, moto utavishughulikia. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwa lita nne za maji, loweka dakika 15, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Suuza kwelikweli, maana jiki ikibaki bia itanuka plasta ya hospitali, na harufu hiyo haitoki. *Jiki isikutane na siki wala ndimu. Mvuke unaotoka ni sumu.*

2. Pasha maji yote lita 6.5 hadi nyuzi 68. Zima jiko. Tandaza mfuko ndani ya sufuria, kingo zikining'inia nje, umimine kimea polepole huku ukikoroga kwa mwiko. Vunja kila bonge. Ukiliacha, katikati hubaki unga mkavu ambao haukukupa kitu.

3. Pima. Unataka nyuzi 65 au 66. Ikizidi 70, koroga kifuniko kikiwa wazi hadi ishuke. Ikiwa chini ya 63, washa moto mdogo sana, mfuko ukiwa umeinuliwa usigande chini. Ukifika, funika, funga sufuria kwa taulo mbili, uiache saa moja. Hapa joto letu ni rafiki: kwangu hushuka nyuzi mbili tu kwa saa nzima.

Kinachoendelea humo ni kile kile kinachotia togwa utamu: vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari. Onja kwanza, onja tena baada ya saa. Ya kwanza ni uji mwembamba, ya pili ni chai iliyozidishwa sukari. Nadharia inatosha.

4. Inua mfuko, uning'inize juu ya sufuria kwa mwiko uliopita kwenye kingo, uache uchuruzike dakika kumi. Ukamue kwa sahani mbili. Kuna wanaosema kukamua kunaleta ukakasi. Nimekamua kila mara na sijauona.

5. Washa moto mkubwa. Usitoke jikoni. Karibu na kuchemka, povu la rangi ya maziwa hupanda ghafla, linajikunja kama shuka linalopepewa, na kabla hujaweka simu chini liko kwenye kichomeo. Punguza moto, koroga, nyunyiza maji baridi kidogo. Likishavunjika mara moja halirudi kwa nguvu ile. *Usifunike sufuria wakati wa kuchemka*. Kuna harufu ya kabichi iliyochemshwa inayotakiwa itoke na mvuke.

6. Yakichemka sawasawa tia gramu 6 za hopsi, uanze kuhesabu dakika 60. Hizi ni za uchungu.

7. Dakika ya 50 tia gramu 5 zilizobaki. Hizi ni za harufu. Pamoja nazo tia ile nusu kijiko ya hamira ya mkate. Ndiyo, uichemshe. Kveik ni mlaji, na bia nyepesi haina lishe ya kumtosha. Hamira iliyokufa kwa moto ni chakula chake. Hiyo ndiyo kazi bora ya hamira ya mkate katika bia. Ukiichachulia yenyewe, kileo kitatoka, lakini haitulii chini na kila glasi itakuwa na ladha ya boflo lililolowa.

8. Zima, funika, ingiza sufuria kwenye beseni la maji. Badilisha maji hayo kila yakipata moto, mara tatu au nne. Maji ya bomba hapa hayatakushusha chini ya nyuzi 30, na hapo ndipo wenye hamira nyingine wanakwenda kutafuta barafu ya wauza samaki. Wewe huna haja: unataka nyuzi 35. Ukitumia barafu kuharakisha, iwe kwenye beseni, kamwe isiingie kwenye sufuria.

9. Mimina kwenye ndoo safi ukiacha mashapo mazito chini. Mimina kutoka juu, kisha kutoka ndoo hadi ndoo mara tatu, yapige povu. Hamira inataka hewa sasa. Hii ndiyo mara ya pekee bia inapopenda hewa. Unapaswa kuwa na lita nne na kidogo. Zikipungua, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa.

10. Chota kidogo kwenye glasi ndefu, tia haidromita ielee. Itasoma karibu 1.034. Vipimo vingi vimetengenezwa kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 ongeza pointi mbili au tatu (pointi moja ni 0.001), kwa hivyo ni 1.036. Andika kwenye daftari.

11. Nyunyiza gramu 3 za kveik juu, funika. Kifuniko kisibane kabisa. Gesi lazima itoke. Mimi nakilegeza upande mmoja na kufunga kitambaa safi chenye lastiki kuzunguka. Weka ndoo ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili. Si kwa kupooza, ni kwa sisimizi. Sukari ya shayiri wanaijua tokea mtaa wa pili.

12. Ndani ya saa sita hadi kumi na mbili utasikia. Weka sikio kwenye ndoo: inatoa sauti kama mvua ya manyunyu juu ya makuti. Povu hupanda, rangi ya kahawia yenye madoa ya kijani ya hopsi, na kufikia siku ya tatu linaanguka. Usifungue kila saa. Nzi wadogo wa matunda wanangoja huo mwanya, na ndio wanaoleta bakteria wa siki.

13. Siku ya tano pima. Siku ya saba pima tena. Namba ikiwa ile ile mara mbili, karibu 1.008 baada ya kurekebisha, imekwisha. Toa ya mwisho kutoka ya kwanza, zidisha kwa 131: 0.028 mara 131 ni asilimia 3.7 hivi ya kileo. Namba ikiwa inashuka bado, ngoja. *Kutia chupani kabla haijaisha ndiko kunakopasua chupa.*

14. Chemsha gramu 24 za sukari katika nusu kikombe cha maji, uache ipoe, umimine chini ya ndoo ya pili iliyo safi. Hamishia bia humo kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa umelala chini, kimyakimya, bila kurusha. Mashapo yaache. Usianzishe mpira kwa kuunyonya kwa mdomo. Mdomo una vijidudu vyake. Ujaze maji safi kwanza, bana kwa kidole, shusha, achia.

Ukiona maelekezo ya nchi baridi yana sukari pungufu ya hiyo, hayakukosea. Bia iliyochachuka kwenye baridi hubaki na gesi nyingi ndani. Yetu ya nyuzi 30 imeipoteza karibu yote.

15. Jaza chupa, acha vidole viwili juu. Kwa plastiki, minya kidogo hewa itoke, ufunge. Hii ndiyo sababu ya plastiki: kila siku unaiminya. Ikishakuwa ngumu kama ya soda dukani, tayari. Kioo hakikwambii kitu hadi siku kitakaposema kwa kishindo.

16. Iache gizani siku saba kwenye joto la chumba, kisha friji siku mbili. Jua la Malindi likiipata, hasa kwenye chupa nyeupe au ya kijani, bia hunuka kicheche kwa dakika chache tu. Mimina kwa mkono mmoja bila kusita, uache kidole kimoja cha mashapo chini.

Ukishaiweza, ndipo ujaribu

Pika hiyo hiyo mara mbili kwanza. Najua hutanisikia, mimi pia sikusikia. Lakini usipoijua ya kawaida, hutajua mchaichai umefanya nini.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa kila mpiko. Kwa kionjo kinachotiwa mwishoni, njia rahisi ya lita nne ni kuzigawa siku ya kutia chupani: lita mbili hivi hivi, lita mbili zenye kionjo. Sukari pia iwe gramu 12 kwa kila upande. Nilizozipenda:

Mchaichai, mashina matatu yaliyopondwa, dakika tano za mwisho za kuchemka. Na chungwa la kveik vinaelewana. Kwangu hii ndiyo bia ya Machi.

Asali ya msitu wa Arabuko-Sokoke, gramu 100 badala ya gramu 150 za kimea. Itie baada ya kuzima jiko. Utamu wake wote utaliwa. Kinachobaki ni harufu, na bia inakuwa nyembamba zaidi kinywani.

Embe ngowe, nusu kilo ya nyama yake, ichemshwe kidogo ipoe na kutiwa siku ya tatu kwenye ndoo. Sukari ya embe nayo huchachuka, kwa hivyo ongeza siku nne za kungoja na upime upya. Hapa ndipo nilipopasua chupa tatu, usiku mmoja, chini ya kitanda. Nilikuwa na haraka ya harusi ya rafiki.

Mtama. Watu wananiuliza sana kuhusu mtama, kwa kuwa kuna bia ya keg nchini inayotengenezwa kwa nafaka hiyo, na kwa kuwa bei yake ni nafuu. Unga wa mtama mweupe gramu 150 unaweza kuchukua nafasi ya kimea gramu 150, lakini usiutie mbichi. Wanga wa mtama haufunguki kwenye nyuzi 66. Upike uji kamili dakika 20 kwa maji yaliyotolewa kwenye zile lita 6.5, uache upoe hadi karibu 70, ndipo uchanganye na kimea. Kuotesha kimea cha mtama mwenyewe ni kazi nyingine. Chipukizi zake mbichi zina sumu, hukaushwa na kupukutwa mizizi na machipukizi yote kabla ya kusagwa. Anza na unga.

Hiliki: punje mbili. Nilitia kumi. Tulikunywa biriani.

Wengine huuliza mbona nihangaike na mnazi upo. Mnazi naupenda, na mgema wangu ananijua. Lakini mnazi wa asubuhi jioni ni mkali, kesho yake uko njiani kuwa siki, na hamira yake huichagui wewe. Bia inakaa miezi miwili na inakuwa vile ulivyoamua. Ni raha mbili tofauti.

Mambo yakienda kombo

*Saa 24 zimepita, kimya.* Fungua uangalie kabla hujahamaki; huenda kifuniko kinapitisha gesi na kazi inaendelea. Kama hakuna povu wala pete ya uchafu ukutani, uliitia hamira kwenye joto linalozidi sana 40 ukaiua, au pakiti ilikaa juani njiani. Tia gramu 3 nyingine. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, chumba kikishuka hadi 25, ni mwendo wa polepole tu, ifunike blanketi.

*Imesimama 1.018 na haishuki.* Mara nyingi ule mfuko ulikaa kwenye nyuzi zaidi ya 70, na sukari iliyotoka hamira haiiwezi. Itikise ndoo taratibu, ipe siku tatu. Ikikataa, inyweke vile ilivyo, tamu kidogo, lakini itie chupa za plastiki na friji mapema.

*Inanuka mayai viza.* Kawaida ya kuchachuka. Siku chache itatoka yenyewe.

*Inanuka siagi.* Uliitoa mapema. Iache siku mbili zaidi juu ya mashapo yake, hamira itaila harufu hiyo.

*Ni chachu kama ndimu, na kuna utando juu.* Vijidudu vimeingia. Haiponi. Mwaga, na ndoo ya plastiki ikague: kama ina mikwaruzo ndani, ndimo wanamoishi. Iwe ndoo ya kufulia. Usiisugue ndoo ya bia kwa steel wool, kitambaa laini kinatosha.

*Haina gesi.* Chupa umeziweka kwenye friji mapema, au kifuniko kinavuja. Zirudishe kwenye joto siku tano.

*Gesi imezidi, inamwagika ukifungua.* Zote friji sasa hivi, kisha legeza vifuniko kidogo kidogo. Kama ulitumia kioo, zifunike taulo zito kwanza na usizishike mikono mitupu.

*Ina mawingu.* Siku nne zaidi za friji. Na ikiendelea, kunywa ukiwa umefumba macho.

Yale mashapo ya chini ya ndoo usiyamwage yote. Vijiko vinne vya tabaka jeupe la juu, kwenye chupa safi ndani ya friji, vinatosha kupikia bia ya wiki mbili zijazo. Kveik hata hukaushwa: paka nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, funika kwa neti, acha kivulini penye upepo hadi ivunjike kama kaki, kisha friza. Pakiti yangu ya kwanza niliinunua mara moja, na mpaka sasa niko kwenye wajukuu zake.

Machicha ya kimea, kama nilivyosema, ni ya kuku. Mashapo ya hopsi yafukie, au yatie kwenye taka iliyofungwa: mbwa akiyala yanaweza kumuua.